Sanduku la Kaseti la Papa Ilunga

Wakati wa vita, mtu wa Kindu aliyeachiwa kitu cha mwenzake alikimbia nacho huku kitanda chake mwenyewe kikiungua. Leo tunaachia vitu vyetu mashine iliyolala katika mji tusioujua hata jina, kisha tunakwenda zetu kulala.

Mardochée Ilunga alikuwa mmoja wa wale waliokimbia. Baba yake aliletwa Kindu kutoka Kasai kwa ajili ya kazi ya reli, na yeye akazaliwa katika kambi ya reli, akakua kwa king'ora cha karakana, na umri wa kuvaa kofia ya kazi ulipofika akawekwa magazini, ghala la stesheni, pale mizigo inaposhuka na kupanda. Hakuwa mkubwa wa mtu yeyote. Kazi yake ilikuwa kupokea gunia kwa mtu na kulitoa kwa mtu, na katikati ya hapo kuangalia panya na wezi wasilifikie. Watu wa sasa wataona ni kazi ndogo. Kwa watu wa zamani, mtu wa magazini alikaribia heshima ya padri, maana wote wawili walishika ya watu bila kuyafungua.

Alikuwa pia na redio-kaseti. Simu hazikuwapo, na posta ilikuwa imekufa kabla hata vita haijaja kuizika. Mtu aliyetaka kusema na ndugu yake wa Lubumbashi, Kananga au Butembo alitafuta kaseti sokoni, hata ya muziki uliochakaa, akaenda nayo kwa Ilunga. Ilunga alimkalisha mbele ya redio, akabonyeza vitufe viwili pamoja, akasema, "Sema," halafu akatoka nje na kufunga mlango. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria: mwenye redio hasikii. Alikaa uani akipasua kuni, au akizungumza na mke wake kwa sauti kubwa makusudi, ili yule wa ndani ajue kwamba sikio la mwenye nyumba lina kazi nyingine. Mtu akimaliza, alitoa kaseti kwa mkono wake mwenyewe na kuvivunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwake, mtu mwingine asije akarekodi juu ya maneno yake. Kuanzia hapo kaseti ilikuwa imefungwa kama barua yenye muhuri. Ilizungushiwa kitambaa, ikaandikwa jina la anayepelekewa, ikapanda treni na kondakta, au lori na dereva kwa wa Butembo. Na ilikofika, mwenye jina aliisikiliza peke yake kwanza, kabla ya kuwaita wengine.

Siku hizi kijana anatuma sauti yake kwa simu tangu asubuhi hadi jioni, na ukimwuliza alisema nini, hata yeye hakumbuki.

Vita ya mwaka wa tisini na nane ilipoanza, watu walihisi reli itafungwa. Wakaja kwa Ilunga wengi kuliko siku zote, wakipanga mstari mpaka kwenye mpera wake. Alikuja Kambale, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa na duka la vitambaa na chumvi karibu na bandari; alitaka kusema na binti yake Glodie, aliyekuwa bado mtoto huko kwa bibi yake. Na siku moja, mstari ulipopungua, Bitota, mke wa Ilunga mwenyewe, alijifuta mikono ya unga akaketi kwenye kile kiti.

"Na weye tena?" Ilunga akamwuliza. "Unataka kusema na nani?"

"Na Kapinga."

Kapinga alikuwa mdogo wake aliyebaki Kananga.

"Basi niambie miye, nitamwandikia barua nzuri."

"Weye toka inje kama unavyotoa wengine," Bitota akasema. "Ama sheria iko ya majirani tu?"

Ilunga akatoka. Akiwa uani alimsikia akicheka ndani, kicheko kimoja kirefu, kisha sauti ikashuka isisikike tena. Bitota alipofungua mlango macho yake yalikuwa mekundu. Alivunja vijino vya kaseti, akamkabidhi mumewe kama mteja anavyomkabidhi mtu wa magazini. Ilunga akaizungushia kitambaa, akaandika jina la Kapinga.

Wala treni wala lori lililongojewa kubeba kaseti hizo halikuja. Mji ulibadilisha wenye bunduki, magazini ikavunjwa, magunia yakaenda na waliokuwa na nguvu za kuyabeba. Ilunga alizitia kaseti zote katika sanduku la bati la nguo zake za kazi. Siku watu wa kambi walipokimbia kwa miguu, wakifuata reli kwenda Kibombo na kutoka hapo kwenda Tunda, alijitwika sanduku hilo kichwani. Bitota alibeba sufuria na mkeka. Kitanda, redio-kaseti, na baiskeli aliyoipata kwa jasho la ujana wake, vyote vilibaki.

Njiani walimcheka, maana watu wa Kindu watacheka hata mlangoni pa kaburi. Aliyezidi alikuwa Assani, fundi wa karakana.

"Papa Ilunga! Wenzako wanabeba muhogo, weye unabeba maneno! Tukifika tutapika sauti ya nani?"

"Ya mama mukwe wako," Ilunga akajibu bila kugeuza shingo. "Ile haihitaji pilipili."

Hata Bitota alicheka. Huko Tunda hakucheka tena sana. Mvua zilipokolea alishikwa na homa ya tumbo, na zahanati haikuwa na kitu zaidi ya meza. Alizikwa kando ya shamba la mpunga la watu waliowapokea. Baada ya matanga, Assani yuleyule aliyemdhihaki alimwendea polepole, akamwambia kwamba katekista wa kijiji ana redio na betri bado nzima.

"Sauti yake si iko pale ndani? Sikiliza, ndugu yangu. Upate kulala."

Ilunga alifungua sanduku, akaitoa kaseti ya Bitota, akaitazama, akaifunga tena kitambaa chake.

"Si yangu," akasema. "Iko na jina la Kapinga."

Leo ungempata wapi mtu wa namna hiyo? Wangesema ana kichaa, wangempiga picha.

Amani iliporudi, alirudi nayo Kindu, sanduku kichwani. Treni nayo ilirudi, lakini kama mgonjwa anayetoka kitandani, leo inatembea, kesho imelala porini. Ilunga aliwapa makondakta kaseti alizoweza. Chache zilifika. Nyingi zilirudi: mwenyewe amehama, mwenyewe hajulikani, nyumba imekuwa duka. Ile ya Kapinga ilirudi kutoka Kananga na habari kwamba mama huyo aliondoka wakati wa vita na hakuna jirani aliyejua alikoelekea. Baadaye simu zikaingia, redio-kaseti zikafa moja moja, na makondakta wapya, vijana wasiojua kaseti ni nini, wakaanza kumwangalia kama mzee aliyepotewa na akili. Sanduku likakaa chini ya kitanda. Ilunga akastaafu kwa pensheni isiyokuja. Katika maisha yake kulibaki jambo moja tu ambalo hakulikamilisha, nalo lilikuwa pale chini, na unyevu wa mto ulikuwa unalila.

Falonne alikuja kiangazi kimoja, mto ukiwa umeshuka. Alikuwa mtoto wa kambi aliyesoma mpaka chuo kikuu, na sasa alikuwa akitafuta udaktari kwa kuchunguza Kiswahili cha Maniema kilivyosemwa kabla ya vita. Alifuatana na Fabien, kijana wa familia ya wafanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, ambaye shuleni alikataa duka na kuchagua kompyuta.

"Papa Ilunga, unanikumbuka? Miye Falonne, mutoto wa fundi wa breki."

"Yule aliyekuwa anaiba mapera yangu?"

"Ndiyo, njo miye huyu."

"Basi kaa bila wasiwasi. Mupera ulikufa, hakuna cha kuiba."

Falonne alieleza. Utepe wa kaseti ukizeeka huoza, na hizi huenda zikatoa sauti mara moja tu kabla ya kukatika. Fabien alikuwa na chombo cha kuzichezesha na kuzihamisha. Lakini sauti zenyewe zingetoka chafu, zimejaa mvumo, watu wamerekodi juu ya muziki wa zamani. Kuzisafisha, kutenganisha sauti na sauti na kuyaandika maneno yote, kompyuta yao ndogo ingefanya kazi hiyo mpaka wazeeke. Palikuwa na mashine kubwa.

"Hiyo mashini iko wapi?" Ilunga akauliza.

"Iko Ulaya, upande wa baridi. Si ya muntu mumoja, Papa. Vyuo vingi vinaitumia pamoja, na chuo chetu kimepewa sehemu. Unapeleka kazi yako, inapanga foleni, zamu yake ikifika inafanyika."

"Na iko ordinatere moja?"

"Ni kompyuta maelfu, zimefungwa pamoja. Unakumbuka wanaume wa njia walivyokuwa wanainua reli? Chuma kimoja, watu wengi, wimbo mumoja. Njo vile."

Ilunga alilipenda jibu hilo. Foleni pia aliipenda, kwa kuwa mashine ambayo mkubwa na mdogo wanaingojea kwa zamu ilimwonekea kuwa na adabu.

"Inakula umeme kushinda Kindu yote," Fabien akaongeza kwa fahari.

"Kindu yote inakula umeme gani, weye mutoto?"

Wakacheka wote watatu. Waya wa umeme wa nyumba ile ulikuwa wa kuanikia nguo tangu vita.

Kisha mzee akawa mzito tena. "Na mulinzi wake njo nani?"

"Kuko wasimamizi," Falonne akasema.

"Wananijua miye?"

"Hapana, Papa."

"Wanamujua Kapinga?"

"Hawamujui."

"Basi nikiwaachia, watamurudishia nani?"

"Watarudisha kwetu, na sisi tutamupa mwenyewe. Tutasoma majina kwenye redio, tutauliza kwa parokia. Ndiyo njia iliyobaki, Papa. Ukikataa, mwaka kesho utakuwa na sanduku la uchafu."

Hapo alisema kweli, na Ilunga alijua. Akatoa sharti lake: mtu yeyote asisikilize, ila yule mwenye jina. Mashine ifanye kazi yake, mashine haina umbeya. Lakini sikio la binadamu, hapana, mpaka mwenyewe apatikane na akubali. Falonne akaapa kwa kaburi la baba yake. Fabien naye akainua mkono akitabasamu, akaona macho ya mzee, tabasamu likashuka pamoja na mkono.

Wakazichezesha bila kufungua sauti. Kaseti ilizunguka kimya, na kwenye kioo cha kompyuta mstari wa kijani ulirukaruka kufuata maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Ilunga alikaa hapo kila siku na kiti chake. Ilipowekwa ya Bitota, alisogea karibu. Mstari ulikwenda taratibu, halafu ghafla ukapanda, ukabaki juu, ukitetemeka. Mzee akajua hapo ndipo alipocheka. Baada ya hapo mstari ukawa mdogo sana, karibu kulala. Utepe ulipokwisha ulikatika vipande ndani ya chombo, ukaacha vumbi la kahawia. Nyingi zilikatika hivyo. Wakarudisha maganda yake sandukuni.

Sauti zikapelekwa kwenye mashine kwa antena ya chuo, kidogo kidogo, kama mtu anayehamisha mto kwa kijiko. Zilipofika zote, diski ya Fabien ikafutwa. Ilikuwa moja, nayo ilihitajika kwa kazi nyingine ya kurekodi wavuvi wa Lokandu. Hakuna aliyeona kosa. Unaweka kitu kwenye ghala la chuma la wataalamu wa dunia, ya nini kubaki na kikapu?

Na mwanzoni mashine ilifanya kazi yake. Majina yaliposomwa redioni, jamaa wa Butembo wakamfikishia habari Glodie, sasa mama mwenye watoto. Kambale, baba yake, hakuvuka vita. Hata kaburi halikujulikana. Glodie akakubali apelekewe sauti kwa simu. Siku ya pili akampigia Ilunga.

"Papa, ameniita jina langu la utoto," akasema. "Hakuna tena muntu anaijua ile jina. Nilikuwa nimeisahau miye mwenyewe."

Ilunga aliishika simu sikioni akamsubiri, kama zamani alivyowasubiri watu uani. Siku hiyo alinyoa ndevu. Akamwambia Falonne, "Sasa munitafutie Kapinga."

Parokia za Kasai ziliandikiwa. Majibu yalichelewa. Wengine wachache walipata sauti zao, kisha majina yaliyobaki yakanyamaza. Mvua zikaingia. Ndipo asubuhi moja Falonne na Fabien walipokuja, wakakataa chai, na Ilunga akaona kwamba wamekuja na jambo.

"Papa," Falonne akaanza, "ile mashini iko na sehemu mbili. Kuko uwanja wa kazi, mukubwa sana, na kuko ghala. Vitu vyetu viko uwanjani. Uwanja ni wa wote. Kitu kisichotumika kwa muda, wanakifagia, wengine wapate nafasi. Ghalani hakifagiwi, lakini nafasi ya ghala lazima iombwe na Profesa Ephraïm, mukubwa wa kazi yetu. Yuko safarini. Tunamwandikia, hajibu."

"Na wameshatuonya," Fabien akasema.

"Sasa munataka nini kwangu?"

"Kazi iliyobaki ni ya masikio. Muntu anasikiliza vipande vya kila sauti na kuvilinganisha na yale mashini iliyoandika. Tukianza, vitu vinahesabiwa kuwa vinatumika. Havitafagiwa."

"Asikilize nani?"

"Miye, Papa. Miye peke yangu."

Ilunga aliwatazama, kwanza mmoja kisha mwingine. Hakukasirika. Alizungumza kama mtu anayefundisha watoto wazuri waliopata walimu wabaya.

"Katika magazini yetu iliwahi kukaa kengele ya kanisa. Mwenyewe hakuja. Mumishonari aliyeiagiza alikufa, waliomufuata hawakujua. Ilikaa miaka na miaka, tunaizunguka, inatugonga miguu. Hakuna aliyesema itupwe. Na sisi tulikuwa masikini wa Kindu. Leo muniambie kwamba watu wenye mashini kubwa hivyo watatupa kitu cha watu juu ya kunyamaza kwa mwenyewe?"

"Njo desturi yao, Papa."

"Hakuna desturi kama hiyo. Wanawatisha, musijaze nafasi ovyo. Hata shefu wa stesheni alikuwa anatisha hivyo. Muntu anayekuja kila siku kuchungulia amana yake anamutukana mutunzaji."

"Papa, wale hawatukaniki," Fabien akasema. "Hakuna hata muntu pale wa kutukanwa. Iko amri tu ya mashini, inapita yenyewe na kufagia."

"Kila ufagio uko na mukono," Ilunga akajibu. "Na weye mutoto wa fundi wa breki, uliniapia. Kusikiliza barua ya mwingine, hata kipande, njo wizi. Mungojee Profesa."

Falonne aliinamisha kichwa. Njiani, kama Fabien alivyokuja kumweleza mzee baadaye, yeye Fabien alisema, "Tusikilize tu, hatajua," na Falonne akamjibu, "Miye nitajua." Akaendelea kumwandikia Profesa. Profesa akajibu hatimaye kwamba ameipokea habari hiyo na ataishughulikia akirudi. Hivyo ndivyo wakubwa wa sasa wanavyokataa bila kukataa.

Habari ya Kapinga ilifika mvua zikikaribia kwisha. Mtawa mmoja aliandika kutoka upande wa Mbuji-Mayi: mama huyo alifika kwao na wakimbizi wengine, akaishi nao kidogo, akafa hata kabla vita haijakwisha. Hakuacha mtoto. Falonne alikuja kumsomea maneno hayo uani, akangoja kumwona mzee analia. Mzee hakulia. Akauliza, kana kwamba anatoa mtihani wa magazini:

"Muzigo ambao mupokezi wake amekufa, unakwenda wapi?"

Akajijibu mwenyewe:

"Unarudi kwa aliyeutuma. Na aliyeutuma kama amekufa, unarudi nyumbani kwake." Akagusa kifua chake kwa kidole. "Nyumbani kwake njo hapa."

Basi kumbe ilikuwa yake. Tangu Tunda hadi hapo hakujiruhusu hata kuwaza, na sasa sheria ileile iliyomzuia ndiyo iliyomfungulia mlango. Kesho yake alioga, akavaa shati jeupe alilolitunza kwa ajili ya mazishi yake, akaenda chuoni kwa miguu akiwasalimu watu ambao kwa kawaida hakuwasalimu. Wakamletea kiti. Fabien akamwekea visikilizio masikioni, akavirekebisha visimbane. Ilunga akafumba macho.

Mtandao ulikuwa mzito. Alisubiri. Alisikia kwa mbali, kupitia sifongo za visikilizio, Falonne akisema kitu, Fabien akisema "jaribu tena," kiti kikisukumwa. Akafumbua macho. Falonne alikuwa amesimama, mikono kichwani, kama wanawake wanavyosimama habari ya msiba inapofika.

"Iko nini?"

Kwenye kioo palikuwa peupe.

"Fabien. Iko nini?"

"Wamefagia, Papa."

"Yangu tu?"

"Zote ambazo hazijachukuliwa. Na maandishi yake."

Fabien aliandika kwa wasimamizi hapohapo, na jibu lilirudi siku ileile, la adabu sana. Walisikitika. Uwanja wa kazi hauna nakala, kilichofagiwa hakirudi. Walikuwa wametuma maonyo, wakayataja yote na tarehe zake. Falonne alimfasiria mzee jibu hilo bila kuruka neno, maana hakutaka kumdanganya hata kwa huruma.

"Waliwaonya," Ilunga akasema.

"Walituonya, Papa."

"Na nyiye mulikuja kuniambia."

"Tulikuja."

Ilunga alivua visikilizio, akaviweka mezani kwa uangalifu, waya wake akaukunja. Akauliza kama Profesa amerudi. Hajarudi. Akaitikia kwa kichwa, akatoka, akarudi kambini kwa njia ya nyuma isiyopita sokoni.

Maneno hayakukosekana. Wapo waliosema Falonne ni mjinga, angesikiliza usiku na mchana akamfunga mzee mdomo kwa zawadi. Wapo waliosema mzee ana kichwa cha kisiki, amemzika mke wake mara mbili kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna aliyesema lolote juu ya mashine, na ni kweli, mashine haikuvunja sheria yoyote ya kwake. Lakini na Ilunga hakuvunja ya kwake, wala yule binti. Watu wote walishika waliloapa, na sauti zimepotea. Zamani jambo la namna hiyo halikuwezekana. Kama kila mtu ameshika neno, mzigo ulifika. Sauti zilizosalia ni zile tu zilizokwisha kutolewa, kama ya Kambale, ambayo inasemekana watoto wa Glodie wanaichezesha mezani huku wakila.

Sanduku Ilunga aliliuza kwa mfua bati. Maganda ya kaseti aliyamwaga shimoni nyuma ya nyumba. Falonne alikuja mara kadhaa akakuta mlango umefungwa na majirani wanasema mzee amelala.

Mara ya mwisho aliyowaona ilikuwa bandarini, asubuhi ya siku ya soko. Walikuwa wakishuka Lokandu kwa mtumbwi wa mota, kurekodi wazee wa uvuvi, na vyombo vyao vilikuwa vimefungwa kwa plastiki juu ya magunia ya chumvi. Falonne alipomwona anateremka ukingo na fimbo, alisimama mtumbwini kwa hofu mpaka mwendeshaji akamfokea aketi. Ilunga alikaribia mpaka maji yakafika kwenye viatu vyake. Hakumsalimu yeyote.

"Huko Lokandu," akasema, "mukikuta muntu ameachiwa sauti ya muntu, mumwambie asikilize. Asingoje mwenyewe."

"Hata kama iko na jina la mwingine, Papa?" Falonne akauliza.

"Hata kama."

Mwendeshaji akavuta kamba ya mota. Falonne alisema kitu kingine, midomo ilionekana ikitembea, lakini mota ilikuwa imekwisha kushika na Ilunga hakusikia. Fabien aliketi akitazama waendako. Yeye Falonne aliketi akitazama nyuma. Mtumbwi ukapita upande wa pili wa meli mbovu iliyolala ukingoni, na ulipotokeza tena ulikuwa mbali, watu na magunia vimekuwa kitu kimoja cheusi juu ya maji.